Taja Ulipo Kabla Hujaulizwa

*Maneno niliyoyasema Arusha mbele ya waendeshaji wapya wa redio ya ridhaa*

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa redio, viongozi wa skauti, na ninyi vijana mnaosubiri leseni zenu za kwanza: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Katika mambo yote ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuwasiliana hewani kwa mapenzi na si kwa biashara, nimechagua moja ambalo wengi hulisoma kwa mtihani tu na kulisahau, nalo ni kusema uko wapi. Ukiwa nyumbani jambo hili halina uzito. Wenzako wanakujua, alama yako ya mwito, yaani zile herufi na tarakimu unazojitambulisha nazo hewani, wameizoea, na antena yako iko juu ya paa lilelile. Siku unapoifunga redio kwenye gari au kuitia kwenye begi la kupandia mlima, anayekusikia ana sauti yako tu mkononi. Kwa hiyo nasema hivi: msafiri ataje alipo bila kungoja aulizwe, na ataje kwa namna ambayo msikilizaji huyo anaweza kuifanyia kazi.

Tuanze na alama ya mwito, maana ndiyo inayotupoteza. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeipa kila nchi herufi na tarakimu zake za mwanzo. Tanzania ina 5H na 5I, Kenya 5Y na 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9O hadi 9T, na Oman, ambako ndugu zetu wengi wanakaa, ina A4. Hapa kwetu tarakimu 3 baada ya 5H imezoeleka kuwa ya bara, na 1 ya Zanzibar. Mtu wa Muscat akisikia 5H1 moyo unamwenda Unguja mara moja, na kwa kawaida atakuwa sahihi. Lakini alama hiyo imemwambia nani alikupa leseni. Kama leo uko Unguja kweli, au uko Mbeya harusini, alama haijui.

Wamarekani wanalijua hili vizuri. Zamani tarakimu 6 katika alama ya Marekani ilimaanisha California. Siku hizi mtu akihama anaruhusiwa kubaki na alama yake, hivyo mwenye 6 anaweza kukuitikia kutoka Florida. Anayeelekeza antena yake kwa kufuata tarakimu ataielekeza pasipo na mtu.

Ndiyo sababu vikazuka vile viambishi vya nyuma ya alama, baada ya mkwaju (/). M ni gari linalotembea, P ni kituo cha kubebeka, kama hema au kilele cha mlima, MM ni chombo kilicho baharini, AM ni ndege. Nchi nyingine zinavilazimisha, nyingine zimewaachia watu hiari. Someni masharti ya leseni yenu wenyewe, msifuate ya mtu mliyemsikia hewani. Na hiyo MM isitumiwe ovyo. Ziwa Victoria ni pana kiasi cha kupoteza ufuo, lakini maji yake yana wenyewe watatu, Tanzania, Uganda na Kenya, na popote uelee pale uko ndani ya nchi ya mtu.

Kwa anayevuka mpaka, kinachobadilika ni mwanzo wa alama. Nchi za Ulaya zina makubaliano ya CEPT, umoja wa mamlaka zao za posta na mawasiliano, yanayoitwa T/R 61-01, yanayomruhusu mwenye leseni inayokubalika kufanya kazi kama mgeni hadi miezi 3 bila kuomba leseni mpya. Anachofanya ni kutanguliza herufi za nchi aliyomo. Mjerumani akiwa Ufaransa anaanza na F, mkwaju, ndipo alama yake ya nyumbani. Angalieni mpangilio huo: ulipo kwanza, utokako baadaye. Huku kwetu mgeni aliyeomba kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mara nyingi hupewa alama kamili ya 5H, na akiwa hapa hiyo ndiyo ya kutumia.

Sasa niwapeleke sehemu mbili ambazo wengi wenu mnazijua.

Ya kwanza ni Namanga. Upande huu Tanzania, upande ule Kenya, na watu wanapishana siku nzima na magunia yao. Kwa mfumo wa gridi, ambao nitaueleza sasa hivi, pande zote mbili ni KI87, maana mawimbi hayapiti uhamiaji. Lakini ukishavuka lango, leseni yako ya 5H imebaki nyuma yako. Muhuri kwenye pasipoti si kibali cha redio. Kama hukuandika kwa mamlaka ya Kenya mapema ukajibiwa, zima, funga, sikiliza tu. Hata sanduku lenyewe la redio linaweza kuulizwa karatasi zake forodhani, kwa hiyo karatasi ziwe juu ya begi.

Ya pili ni Nanyuki, pale kwenye kibao cha Ikweta ambapo watalii husimama kupiga picha. Hapo hujatoka nchi yoyote, leseni ni ileile ya Kenya, alama haibadiliki hata herufi moja. Lakini ukipiga hatua kutoka kusini ya mstari kwenda kaskazini, umetoka KI89 na umeingia KJ80. Anayekusanya miraba ya gridi kwenye masafa ya mita 2 atakushangilia.

Namanga nchi imebadilika, gridi imetulia. Nanyuki gridi imebadilika, nchi imetulia. Kwa hiyo mwendeshaji aliye safarini ana anwani mbili, moja ya sheria na moja ya ardhi, na kutaja moja si kutaja nyingine.

Hiyo ya ardhi tuifanyie hesabu pamoja, toeni kalamu. Mfumo unaitwa Maidenhead, kwa jina la mji ulio magharibi ya London ambako wasimamizi wa masafa ya VHF wa Ulaya walikutana mwaka 1980. Dunia inagawanywa katika maeneo makubwa yenye herufi A hadi R, kila moja nyuzi 20 kwa upana na nyuzi 10 kwa urefu. Kila eneo linakatwa miraba 100 yenye tarakimu mbili, na kila mraba unakatwa tena vipande vidogo vya herufi mbili. Hesabu inaanzia longitudo 180 kuja mashariki, na inaanzia ncha ya kusini kupanda kaskazini. Longitudo hutangulia kila mara.

Hapa Arusha mjini tuko takriban nyuzi 36.68 mashariki na 3.37 kusini. Longitudo ongeza 180, unapata 216.68. Gawanya kwa 20: zinaingia 10, na herufi ya A ikihesabiwa sifuri, ya 10 ni K. Zimebaki 16.68, gawanya kwa 2, unapata 8. Imebaki 0.68, zidisha kwa 12, unapata 8 na ushee, nayo ni herufi I. Sasa latitudo. Tuko kusini, kwa hiyo 90 toa 3.37, unapata 86.63. Gawanya kwa 10: 8, herufi I. Zimebaki 6.63, tarakimu ni 6. Imebaki 0.63, zidisha kwa 24, unapata 15 na ushee, herufi P. Zipange kwa zamu, longitudo kisha latitudo: KI86ip. Najua simu zenu zina programu ya kufanya haya kwa kugusa mara moja. Nimewafanyisha kwa mkono kwa sababu simu huisha chaji, na kwa sababu aliyewahi kupiga hesabu hii hatatamka gridi ya Ulaya akiwa Longido bila masikio yake mwenyewe kumshtua.

Gridi ya herufi na tarakimu 4 ni pana. Karibu na Ikweta KI86 ni kama kilomita 222 kwa 111, nayo inameza Arusha, Moshi na kilele cha Kilimanjaro kwa pamoja. Ya 6 inashuka hadi kilomita 9 kwa 5 hivi. Dar es Salaam na Mji Mkongwe wa Unguja viko katika KI93 moja, bahari ikiwa katikati! Kwa wanaowinda visiwa chini ya mpango wa IOTA, Unguja ni AF-032 na Dar es Salaam si chochote, kwa hiyo ukishuka kwenye boti bandarini Malindi ya Unguja, gridi peke yake haitamwambia mwenzako wa Japani anachokitafuta. Na kwa kuwa nimetaja Malindi: ile ya Kenya ina kitu kizuri. Mombasa mjini ni KI95, Kilifi ni KI96, lakini ukifika Malindi umevuka longitudo 40 na herufi ya kwanza yenyewe imegeuka, uko LI06. Msafiri wa pwani aiangalie hiyo njiani.

Nije kwenye kiini. Nani anakusikia?

Ukiita kwenye masafa ya mita 20 ukiwa Mto wa Mbu, inawezekana kabisa mwenzako aliye hapa Arusha asikusikie hata kidogo, na mtu wa Italia akusikie kama uko chumba cha pili. Mawimbi yameruka juu ya Arusha. Basi ukiwa na shida, anayekuokoa anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kuliona jina la Makuyuni kwenye ramani. Ukimwambia "niko baada ya Makuyuni" umempa kelele. Mpe nchi kwanza, halafu mji mkubwa, umbali na upande, na mwisho nambari: "Tanzania, kaskazini ya nchi, kilomita kama 80 magharibi ya Arusha, gridi Kilo India saba sita," yaani KI76. Huyo Mwitalia sasa anaweza kuinua simu.

Kwa msikilizaji wa karibu mambo yanageuka. Dereva aliye Karatu hahitaji nambari, anahitaji barabara: "Nimetoka Makuyuni nakwenda Mto wa Mbu, gari liko kushoto, pua imeelekea Karatu." Kwa maneno hayo anakuja moja kwa moja. Lakini majina ya hapa kwetu yana mtego. Majengo iko Arusha, iko Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa, iko Nairobi. Mbuyuni na Njia Panda ndizo kabisa zisizohesabika. Jina la mtaa lisitoke mdomoni bila mji wake.

Kuna la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa na watu wenye uzoefu mkubwa. Ukipita kwenye ripita, kile kituo cha mnarani kinachopokea sauti yako na kuirusha upya, msikilizaji anaisikia ripita. Sindano ya nguvu ya mawimbi kwenye redio yake inaipima ripita. Hata akiwa na antena ya kutafutia mwelekeo, kwenye masafa anayokusikia itamwongoza hadi chini ya mnara, wakati wewe uko bondeni kilomita 50 upande wa pili. Sauti safi ya ripita humfanya kila mtu adhani uko karibu. Kwenye ripita, basi, mahali patajwe mapema na parudiwe mkiwa mnatembea.

Kwenye nambari nawaomba utulivu. Simu moja itakuonyesha 3.37, nyingine itakuonyesha nyuzi 3 na dakika 22, na hizo ni mahali pamoja. Ukiisoma 3.37 kwa sauti kama "tatu, thelathini na saba" bila kusema ni desimali, anayeandika ataiweka nyuzi 3 na dakika 37, na amekusogeza kilomita 27 hivi kusini. Kilomita 27 kwenye mbuga usiku ni nyingi mno. Ukisahau neno "kusini" kabisa, Arusha yote inahamia mashariki ya Ziwa Turkana. Sema "nukta". Sema "kusini". Mwombe aliyeandika akusomee alichoandika, na usimwache mpaka kilingane.

Na mahali bila saa ni nusu ya habari. Gari la kilomita 80 kwa saa, taarifa ikikaa nusu saa, liko kilomita 40 mbele. Sisi waendeshaji tunaandika saa za UTC, saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo hapa pana nafasi kubwa ya kuchanganya. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, chukua saa yetu ongeza 3, hiyo ni UTC. Saa nne asubuhi inaandikwa 0700. Saa nane mchana, 1100. Usiku ongeza 15, ikifika 24 au kuzidi toa 24, na mkumbuke kwamba tarehe ya UTC hugeuka saa tisa usiku, wakati huku ninyi mmelala.

Niwape kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1947 watu 6 waliondoka Callao, Peru, kwa chelezo cha magogo kilichoitwa Kon-Tiki, chini ya Mnorwe Thor Heyerdahl. Walikuwa na redio ndogo na alama LI2B, na waliowasikia njiani na kupokea taarifa zao walikuwa watu wa redio ya ridhaa. Baada ya siku 101, tarehe 7 Agosti, mawimbi yaliwasukuma kwenye mwamba wa Raroia katika Pasifiki. Kabla ya kugonga, walikuwa hewani na mwendeshaji mmoja wa ridhaa wa Rarotonga. Walimwambia wako wapi na nini kinakuja, wakakubaliana: tukikaa kimya saa 36, wajulishe ubalozi wa Norwe mjini Washington. Wakagonga mwamba. Redio ikalowa, wakakaa kuikausha kipande kwa kipande, wakarudi hewani muda ukiwa karibu kwisha, wakasema wote wazima.

Itazameni hiyo kazi. Mahali, kinachotarajiwa, na muda wa kimya ambao baada yake mtu anachukua hatua. Hivi vitatu mnaweza kuviacha kwa mwenzenu kila mnapopanda mlima au kuingia barabara isiyo na mtandao. "Niko lango la Londorossi, napanda, nitaita saa kumi na moja jioni. Nisiposikika hadi saa tatu usiku, pigia hifadhi." Hakuna gharama yoyote. Mwenzako akikubali, aandike.

Mtaniuliza kuhusu APRS, ule mfumo wa Bob Bruninga, WB4APR, unaotuma mahali ulipo wenyewe kutoka kwenye GPS. Ni kazi kubwa aliyotuachia, na naupenda. Ulaya unakaa megahezi 144.800, Marekani 144.390, tarakimu 9 baada ya alama huonyesha gari, 7 redio ya mkononi. Ila unafanya kazi pale tu ambapo kuna kituo kinachosikiliza na kupeleka mbele. Barabara zetu nyingi hazina. Kisanduku kinaweza kupiga mlio wa kutuma safari nzima na pasiwe na sikio hata moja. Kwa hiyo mdomo uendelee kufanya kazi.

Upo pia upande ambao mahali hapatajwi, na hapa niko mkali. Sheria za kimataifa zinatukataza kuficha maana ya tunachotuma, kila neno letu liko wazi kwa kila mwenye redio. Sasa wewe uko Mwanza wiki nzima na unatangaza kila jioni kwamba nyumba yako ya Njiro haina mtu. Kwa nini? Kwenye mazungumzo ya kawaida gridi ya 4 inatosha kabisa, hakuna adui anayekupata ndani ya kilomita 222. Ya 6 ni kwa anayeihitaji, nambari kamili ni kwa shida. Hoteli na chumba havitajwi. Na mkiwa hifadhini, faru hatajwi alipo, hata kwa furaha, hata kwa fumbo. Majangili nao wana masikio.

Mwisho, utaratibu wa kujitaja wenyewe. Kanuni za ITU zinasema kituo cha ridhaa kitoe alama yake kwa vipindi vifupi wakati wa kutuma. Marekani wameweka dakika 10 kuwa kikomo, na tena mwisho wa mazungumzo. Mimi nawashauri msafiri aunganishe mambo mawili: kila atajapo alama, ataje na mahali. Isiwe hotuba. "5H3", herufi zako, "mkwaju M, nimepita Mto wa Mbu, napandisha mlima." Sekunde chache. Aliyejiunga katikati ya mazungumzo ameshajua, na hakuna aliyelazimika kukukatiza kuuliza.

Na mkirudi nyumbani msijaze kitabu cha kumbukumbu kwa gridi ya nyumbani. Mawasiliano uliyofanya Karatu ni ya KI76. Kwenye LoTW, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, fungua mahali papya kwa kila ulikosimama. Kuna mtu mbali huko anayengoja mraba huo kwa hamu, na ukimwandikia wa Arusha umempa kitu ambacho hakukipata.

Basi, zipo redio 3 za mkononi hapo mezani. Tugawanyike makundi, kundi la kwanza litoke nje hadi barabarani, lihesabu gridi yake kwa mkono na kuita. Waliobaki ndani waandike wanachosikia, waweke saa ya UTC pembeni, kisha wasome kwa sauti walichoandika. Wenye maswali ya fomu za TCRA wamwone katibu pale dirishani kabla ya chai.